Kituo cha Saa Tisa

Jina lake nililisoma mara moja tu, kwenye utepe wa hospitali uliofungwa mkononi mwake, na hata siku hiyo halikunikaa kichwani. Kwangu alikuwa Afande. Alikuwa Afande pia kwa wapiga picha za maharusi, kwa wanafunzi wa chuo waliokuja kupakua filamu, kwa mama wa karanga, na kwa walinzi wa lango, ambao walimpigia saluti nusu utani nusu kweli. Upolisi alikuwa ameshauacha miaka mingi. Lakini ukimkuta mzee amepiga suruali pasi mpaka mkunjo unasimama wenyewe, ameketi wima kwenye benchi la bustani kila Jumapili saa tisa alasiri, utamwita nani kama si Afande?

Bustani yenyewe haina maajabu. Ni kipande cha majani katikati ya Kampala, kimezungushiwa ua wa vyuma, kina mabenchi ya saruji, miti michache, na kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaotembea kama wakaguzi. Kilichotuleta wengi wetu si majani. Ni kisanduku cheupe kilichofungwa juu ya nguzo ya taa, karibu na benchi la tatu. Kisanduku hicho kinatoa intaneti ya bure, ya kila mtu, jioni na wikendi. Unaandika namba yako ya simu, unakubali masharti ambayo hajawahi kuyasoma mtu, unapewa saa moja. Saa ikiisha inakutupa nje, unaanza upya.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Webuye. Nauza vipuri vya cherehani katika duka la watu pale Katwe, na watoto wangu wawili wanalelewa na mama yangu nyumbani. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa napanda hadi bustanini, natafuta pa kukaa, nawaona wanangu kwenye kioo cha simu. Ndiyo starehe yangu ya wiki. Siku ya kwanza nilikaa penye nafasi, sikujua nimekaa pa nani.

"Wewe mama. Toka hapo."

Nilimwangalia. Mzee mwembamba, kofia mkononi, viatu vinang'aa.

"Kwani benchi ni ya nani?"

"Benchi iko ya serikali. Lakini hapo iko kituo yangu. Saa tisa nafungua. Sasa iko saa tisa kasoro dakika ine."

Mimi si mtu wa kusukumwa. Nilisogea kidogo tu, nikamwachia mwisho wa benchi, na yeye akatoa leso, akapafuta pale nilipokuwa nimekalia, polepole, kona kwa kona. Hilo liliniudhi kuliko maneno. Nikapiga simu nyumbani. Sura ya binti yangu ikaganda mdomo wazi, haiendi mbele wala nyuma. Nikatikisa simu, nikaiinua, nikailaani. Afande hakugeuza hata shingo.

"Geuka," akasema. "Mugongo yako inazuia. Mutu iko maji mingi, mawimbi haipiti maji. Kaa upande ya kulia, inua simu kidogo."

Nikageuka. Mtoto akaanza kucheka palepale alipokuwa ameachia. Nilitaka sana kumchukia yule mzee siku ile, nikakosa nafasi.

Kazi yake polisini ilikuwa redio. Si redio ya miziki, ile ya kuita vituo. Miaka yote ya utumishi wake alikaa mbele ya kisanduku, masikio yamebanwa, akipokea jumbe za watu na kuzipeleka kwa watu. Mikono yake ilikuwa laini kwa mtu wa umri wake. Alipoanza kuja bustanini alizunguka kila pembe akiwa ameshika simu kama mtu anayetafuta maji, na baada ya wiki chache alijua ni wapi intaneti ina nguvu na ni wapi inakufa. Alijua kwamba baada ya mvua benchi la tano halifai. "Muti mubichi inakunywa mawimbi," alisema. "Ikiwa na maji kwa majani, inakunywa zaidi." Wanafunzi walimwita awaonyeshe pa kukaa na yeye alikwenda, mikono nyuma, akawapanga kama anapanga gwaride. Hakuwahi kuwauliza filamu zao ni za nini. Hakuwahi yeye mwenyewe kufungua filamu, wala habari, wala mpira. Intaneti yote ya Kampala ilikuwa juu ya kichwa chake na yeye alikuwa na haja ya mtu mmoja tu.

Saa tisa kamili alibonyeza alama ya kurekodi sauti na kusema:

"Kituo ya Baba kwa kituo ya Mutoto. Leo Jumapili, saa tisa kamili. Mvua ilinyesha Ijumaa. Muguu inauma kidogo lakini natembea. Jirani ile ya cherehani amehama. Nimekula. Ova."

Halafu aliachia kidole. Mtoto huyo alikuwa binti yake, mtu mzima sasa, yuko Uarabuni, ameajiriwa kumtunza mzee wa watu. Walizungumza Kiswahili kwa sababu yeye na mkewe walikuwa wa makabila mbalimbali na ndiyo lugha iliyowakutanisha katika kambi ya polisi. Binti alizaliwa ndani yake.

Ujumbe ukishaenda, aliweka simu juu ya goti na kusubiri mpaka saa kumi. Hakupiga soga katika saa hiyo. Ukimsemesha aliinua kiganja. Mama wa karanga, Mganda mwenye kicheko cha kutikisa beseni, ndiye pekee aliyethubutu.

"Afande, kalanga ya moto hii! Chukua, ule ukingojea."

"Niko kazini."

"Kazi gani hiyo ya kukaa?"

Naye alichukua karanga, akazishika tu mpaka saa kumi, ndipo akaanza kula.

Mambo mawili alinifundisha mapema, na nayaeleza hapa kwa sababu bila hayo huwezi kumwelewa. La kwanza ni ova. Mtu wa redio akisema ova maana yake mimi nimemaliza, sasa ni zamu yako, nakusikiliza. Akisema auti, maana yake mazungumzo yamekwisha, nafunga. Afande aliniambia hakuna mtu mbaya kama yule anayesema auti kabla hajajibiwa, kwa sababu huyo amemwacha mwenzake porini. Kila ujumbe wake kwa binti uliishia kwa ova.

La pili nililijua mwenyewe, kama anavyolijua kila mwenye simu. Ujumbe wa sauti ukifika kwa mtu, unaona tiki mbili. Pembeni kuna kipaza sauti kidogo cha kijivu, na mwenzako akishausikiliza kinageuka bluu. Siku moja Afande aliniachia simu aende msalani na mimi, kwa umbea wangu, nikapandisha mazungumzo kwa kidole. Nikapanda na kupanda. Jumapili baada ya Jumapili, sauti tupu, zote za upande mmoja. Tiki mbili kila mahali. Vipaza sauti vyote vya kijivu. Zilikuwa zinafika mlangoni kwa yule dada, na yeye hafungui. Niliirudisha simu mahali pake nikajisikia kama niliyechungulia chumba cha mgonjwa.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni muda wote. Alikuwa na visa. Bibi harusi mmoja shela lake lilinaswa na ua, mpiga picha anapiga kelele, msimamizi analia, na Afande akainuka, akalinasua uzi kwa uzi, akamwambia yule binti, "Sasa tembea, lakini hapana kimbia, bwana haendi popote." Aliwakemea vijana waliozungumza na simu kwa sauti kubwa, kwamba mambo ya nyumbani hayatangazwi, lakini yeye mwenyewe alisikia kila neno la kila mtu katika mabenchi matatu. Alijua nani ameachwa na nani amedanganya kuwa yuko Entebbe kumbe yuko hapa anakula maandazi. Hakumwambia mtu. "Mutu ya redio iko na masikio mbili na mudomo nusu," alisema. Alisisitiza kwamba ujumbe mzuri ni maneno kumi, halafu akishapita saa kumi alikusimulia betri za zamani mpaka jua linazama na wewe umechoka hoi.

Picha za video hakuzipenda. Alisema uso hudanganya, sauti haiwezi. Lakini wanangu walimwona nyuma yangu wakamtaka, na ikabidi nimgeuzie kioo. Alinyoosha mgongo.

"Unanisikia namna gani?" akamwuliza mwanangu mdogo wa miaka sita.

"Nakusikia vizuri, Afande!" mtoto akapiga kelele.

Afande alinirudishia simu haraka na kuanza kutafuta leso. Tangu siku hiyo salamu zake zilikuwa wajibu. Hata mama yangu alianza kuwa na maswali.

"Huyo mwanaume wa benchi ni nani?"

"Mama, huyo ni mzee."

"Kwani mimi nimesema ni kijana?"

Kulikuwa na Jumapili moja ambayo intaneti ilikatika tangu asubuhi. Vijana walikuja, wakajaribu, wakasonya, wakaondoka. Afande alikaa saa yake nzima, simu kavu juu ya goti. Nilimwambia twende, leo hakuna kitu. Akasema kituo hakifungwi kwa sababu hewa ni mbaya. Kwake ile saa tisa ilikuwa ahadi. Aliamini kwamba binti yake huko aliko, hata kama hafungui, anajua kuwa Jumapili saa tisa ya Kampala baba yuko hewani, na siku atakayotaka kumkuta atamkuta. Ndiyo maana hakutaka kununua bando akatuma akiwa chumbani kwake, kule bondeni chini ya Nsambya. Nilimshauri mara nyingi. "Kituo iko kituo," alijibu, na hapo hoja ilikufa.

Nina mdomo, na mdomo huo uliniponza. Mwaka wa pili wa kujuana kwetu nilimwambia lile ambalo kila mtu bustanini alikuwa analiwaza.

"Afande, si uache tu? Huyo mtoto hataki."

Hakukasirika. Nikazidi.

"Na mbona husemi pole? Kila siku ni mvua, mguu, nimekula. Kama ulimkosea si umwambie pole yaishe?"

"Hiyo hapana ya kurusha hewani," akasema. "Hiyo mutu anasema akikaa mbele ya mutu."

"Basi niache mimi nimwandikie. Dada kwa dada. Nimweleze vile unakaa hapa."

"Hapana. Opereta haongezi neno. Ujumbe ya mutu unaipeleka vile iko, hauongezi yako." Akakunja leso yake. "Wewe hujui nilifanya nini."

Akaniambia. Aliniambia akiwa anatazama ile nguzo, si mimi. Wakati huo alikuwa amepelekwa kituo cha mbali, mkewe na binti wamebaki Kampala. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake akaugua ghafla, akawa anamwita mumewe, na mtoto akakimbia mpaka chumba cha redio kuomba baba yake aitwe. Opereta wa pale alimjua, akampa kiti. Siku hiyo jumbe za kazi zilikuwa nyingi. Desturi yao ilikuwa jumbe za kazi kwanza, za nyumbani mwisho wa zamu. Yule opereta akakatiza, akamwambia Afande: ndugu, kuna ya kwako, mke wako ni mgonjwa, mtoto wako yuko hapa.

"Mukubwa yangu mwenyewe alisimama pale akasema, chukua. Mimi nikasema hapana. Kila siku nakatalia wengine, wanalia, nawaambia ngoja foleni. Leo nichukue yangu? Nikasema, weka kwa foleni. Ova."

Mtoto alikaa kwenye kile kiti saa tatu. Sauti ya baba yake ilikuwa inatoka kwenye kisanduku mbele yake, inasoma habari za matairi, za mafuta, za askari wa likizo, ova baada ya ova. Ilipofika zamu ya ujumbe wake ilikuwa jioni na gari la kuja Kampala lilikuwa limeshaondoka. La pili lilipatikana baada ya siku mbili. Afande alimkuta mkewe ameshawekwa ndani ya sanduku.

"Alinisikia, Mkenya. Saa tatu nzima anasikia baba yake anaongea na kila mutu. Yeye hapana."

Binti alichukuliwa na shangazi yake, akasoma, akaondoka nchini. Namba yake Afande aliipata kwa taabu, kupitia mwanamke mmoja aliyesali na binti huyo zamani. Nilikuwa nimeacha watoto wawili Webuye na nilijua kila mara niliyowaambia "ngoja, mama yuko na kazi." Nililia pale benchini, nayaandika haya bila aibu. Afande alinipa ile leso yake ya kufutia benchi.

Halafu, mwaka huu, Jumapili mbili mfululizo mwisho wa benchi ulikuwa tupu. Ya tatu mama wa karanga alinijia hata kabla sijakaa.

"Afande amerazwa kule Nsambya. Mapafu. Nilikuwa nakungoja nikuambie."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata, nikaomba ruhusa dukani. Kumwona bila shati lililopigwa pasi kulinitisha kuliko ile mipira ya hewa ya puani. Alikuwa amekwisha. Alinitambua, akaniuliza kama kituo kipo salama, nikamwambia kipo, kaloli tu ndio wanaokaa. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja, akaondoka. Ilipotulia, akaonyesha simu yake chini ya mto.

"Shika. Bonyeza. Mukono yangu inatetemeka."

Nikabonyeza, nikaiweka karibu na mdomo wake.

"Kituo ya Baba kwa kituo ya Mutoto," akasema. Akapumua. "Siku ile niliambiwa wewe uko pale. Nilijua. Nikasema weka kwa foleni. Ile foleni ilikuwa mubaya. Ujumbe ya kwanza ilikuwa wewe. Nisamehe, mutoto yangu. Ova."

Nikaachia. Simu yake haikuwa na bando, kwa hiyo ujumbe ukabaki pale na alama ya saa pembeni, haujaondoka.

"Peleka kesho kwa kituo," akasema. "Saa tisa."

"Afande, mimi niko na bando hapa. Naweza kukugawia sasa hivi, iende."

"Kituo iko kule. Saa iko tisa."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nilimwinamia na kumwambia polepole, "Afande, unamweka tena kwa foleni."

Alifumba macho. Nilidhani nimemuua kwa maneno. Kwenye kitanda cha pili mtu alikuwa anahesabu rozari, nikamsikia akimaliza kumi na kuanza nyingine. Afande akafumbua macho.

"Tuma," akasema.

Nikamgawia. Tiki moja, tiki mbili, kipaza sauti cha kijivu. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, Jumamosi. Mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amevunja saa yake, na aliivunja kwa ajili ya yule mtoto. Nilimwonyesha kioo. Alikitazama kwa muda.

"Imefika," nikasema.

"Haijapokewa." Alinishika kidole kimoja, kama mtoto anavyokushika. "Mkenya. Akijibu, asikute kituo tupu. Jumapili, saa tisa. Zamu iko yako."

Nikasema ndiyo. Unasema ndiyo kwa mtu aliyelala hivyo, hupimi uzito wake. Alikufa Jumanne.

Mdogo wake alikuja na gari kuuchukua mwili kwenda kuzika kwao. Nilimkuta hospitali, nikampa pole, nikampa na simu. Alikataa kuishika.

"Huyo mutoto alitukata sisi wote, mama. Sisi hatuna namba. Namba iko kwako. Wewe mwambie."

Nikasema nitamwambia. Kwa hilo nalo nilisema ndiyo.

Jumapili ya kwanza nilifika saa tisa kasoro dakika nne. Nikafuta benchi kwa leso. Nikawasha simu ya Afande, nikaingiza namba yake ya simu kama alivyonizoesha, ikashika intaneti mara moja. Saa tisa kamili nikaweka kidole juu ya alama ya kurekodi, nikakitoa. Opereta haongezi neno. Nilijiambia hivyo. Sauti ya baba yake ndiyo inayotakiwa hapa, si ya mwanamke asiyemjua. Nikakaa mpaka saa kumi, nikazima, nikaenda nyumbani.

Jumapili ya pili nilifanya vivyo hivyo, na ya tatu. Katikati ya wiki niliichaji simu dukani, kati ya sindano na mikanda ya cherehani, nikaigeuza uso chini. Wanangu waliniuliza Afande yuko wapi, nikawaambia amesafiri. Niseme ukweli wangu: haikuwa heshima kwa sheria yake. Ilikuwa woga. Nilijificha nyuma ya sheria kama yeye alivyojificha nyuma ya foleni, na mwanamke yule yule ndiye aliyekuwa anasubiri upande wa pili. Nililijua hilo na bado sikubonyeza.

Jumapili ya nne mvua ilikuwa imepiga asubuhi, majani bado yana maji, na intaneti ilikuja kwa kusuasua. Nilipofungua mazungumzo nikaona rangi ambayo sikuwahi kuiona pale. Nikapandisha kwa kidole mpaka juu kabisa, kwenye ujumbe wa kwanza wa Afande. Kipaza sauti kilikuwa bluu. Wa pili, bluu. Nikashuka. Bluu, bluu, bluu, miaka ya mvua na mguu na nimekula, halafu nikafika mahali ambapo kijivu kinaanza, na nikiwa natazama, kimoja kikageuka. Baada ya nusu dakika, cha chini yake. Alikuwa anasikiliza wakati huo huo. Alikuwa ameanzia mwanzo na anakuja.

Nafikiri ni ule ukimya. Miaka yote baba alikuwa hewani saa tisa, na mtu anaweza kuiacha sauti mlangoni akijua Jumapili ijayo itakuja nyingine. Kisha zikapita Jumapili nyingi bila neno la saa tisa. Nadhani ndipo alipofungua, na kama ningekuwa nimetuma chochote cha kwangu pengine asingefungua, lakini hilo halinisafishi.

Sikuwapigia wanangu. Mama wa karanga alikuja, akaniona uso, akaketi chini karibu na miguu yangu bila kuuliza. Vilibaki vitano, vikabaki viwili, ukabaki ule wa hospitali peke yake. Huo ulikaa kijivu muda mrefu. Nilifikiri amechoka, au ameitwa na yule mzee anayemtunza. Kisha ukageuka.

Juu ya kioo yakatokea maandishi kwamba anarekodi sauti. Yakapotea. Yakatokea tena. Na hapo hapo saa yangu ya bure ikaisha, intaneti ikanitupa nje.

Niliandika namba nikakosea. Niliandika tena nikakosea. Mama wa karanga aliniambia, "Porepore, dada, porepore," akanishikia mkono. Mara ya tatu ikakubali. Ujumbe wake ulikuwa pale, sekunde kumi na moja. Nikausikiliza, na sauti ilikuwa ya mwanamke mzima mwenye mafua ya kulia.

"Kituo cha Mtoto kwa kituo cha Baba. Nimepokea. Nimepokea zote, Baba. Niko hapa, nasikiliza. Ova."

Nilikaa wima. Kaloli mmoja alikuwa amesimama kwenye nguzo juu ya kile kisanduku, na mwisho wa benchi bado ulikuwa na unyevu wa mvua. Upande wa pili mtu alikuwa ameshika simu anangoja sauti ya baba yake, na hakuna mwingine duniani wa kumjibu ila mimi. Nikabonyeza.

"Dada," nikasema, "hapa ni kituo cha baba yako, lakini mimi si yeye. Mimi ndiye niko zamu. Nisamehe, nimekuweka kwa foleni wiki nne."

Kisha nikamwambia. Nilimwambia ile Jumanne, ile Jumamosi, na kwamba alisema tuma. Nikasema ova, nikaachia kidole. Kipaza sauti kiligeuka bluu papo hapo.